Umeme wa Njia Tatu na Mikono ya Vijana Wetu

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, fundi umeme, katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu uliofanyika hapa shuleni, Mwanza. Imechapwa kwa ombi la wajumbe.)



 

Nimepewa nusu saa nizungumzie pendekezo lililo mbele yetu: kuipatia karakana ya useremala ya shule umeme wa njia tatu, pamoja na mashine mbili, yaani msumeno wa mviringo na mashine ya kuranda. Kamati imenituma mimi kwa kuwa kazi yangu ni umeme, na kwa zaidi ya miaka 30 nimefunga nyaya katika karakana za huku kwetu, toka Igoma na Nyakato mpaka Sengerema na Nansio. Napenda niseme shauri langu mapema, ili atakayesinzia asilikose. Nakubali umeme uletwe. Sikubali mashine zinunuliwe mbili. Nitaomba inunuliwe moja, na fedha ya ile ya pili iingie ukutani na ardhini, mahali ambapo mgeni rasmi hataiona. Sababu zangu nitazieleza moja baada ya nyingine.

NJIA TATU NI NINI

Nianze na vijana. Umeme unaoingia katika nyumba nyingi huja kwa nyaya mbili: mmoja wenye moto na mwingine wa nyutro. Kati ya hizo mbili pana volti 230, na nguvu ile hupanda, hushuka, hugeuka upande na kurudi mara 50 katika kila sekunde. Maana yake ni kwamba ndani ya kila sekunde moja kuna nukta nyingi ambazo waya ule hausukumi kitu. Taa na redio hazijali. Mota inajali sana.

Mmewaona wavuvi wakirudi Kirumba asubuhi. Mtumbwi wenye mpiga kasia mmoja huenda kwa kuruka na kulegea: kasia likiwa majini unakwenda, kasia likiwa hewani unapoa. Waweke wapiga kasia watatu, kila mmoja azamishe lake wakati mwenzake wa mbele amekwisha kulivuta theluthi ya njia. Hapo hakuna nukta ambayo mtumbwi hausukumwi, nao huteleza. Umeme wa njia tatu ndivyo ulivyo. Ni nyaya tatu zenye moto, zinazopokezana zamu kwa mpango usiobadilika. Kati ya waya wowote wenye moto na nyutro zipo volti 230 zilezile. Lakini kati ya waya mmoja wenye moto na mwenzake zipo volti 400. Mwalimu wa hisabati akiwaambia mzidishe 230 kwa kipeuo cha pili cha tatu, ambacho ni 1.732, mtapata 398 na kitu. Hesabu ile haikutungwa kwa ajili ya mtihani peke yake.

Ugunduzi huu si wa jana. Mwaka 1889 mhandisi mmoja mzaliwa wa Urusi, Mikhail Dolivo-Dobrowolsky, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, alitengeneza mota ya njia tatu iliyo rahisi kiasi kwamba ndani yake kitu kinachozunguka hakiunganishwi na waya wowote. Mwaka 1891 umeme wa njia tatu ulisafirishwa kutoka maporomoko ya Lauffen mpaka mji wa Frankfurt, umbali wa kilometa 175, na tangu siku zile dunia haijarudi nyuma. Mkipita chini ya zile nguzo kubwa za chuma zinazoleta umeme wa gridi Mwanza, hesabuni nyaya nene zinazoning'inia. Mtakuta ni tatu, au sita kama njia ni mbili. Ule mwembamba wa juu kabisa ni wa kukinga radi. Umeme wa Kidatu, wa Mtera, na sasa wa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115, wote huzaliwa ukiwa wa njia tatu. Anayetumia njia moja amechukua tawi tu la mti huo.

Wazee mliomo humu mnakumbuka kwamba kabla njia kuu ya kilovolti 220 haijafika huku katika miaka ya 1980, ikitokea Iringa kwa Mtera, Dodoma, Singida na Shinyanga, mji wetu uliangazwa kwa injini za dizeli. Seremala wa siku hizo alitegemea kifua chake, tezo, randa na msumeno wa watu wawili. Mbao za mvule kutoka Kagera zilipasuliwa na jasho. Sisemi siku zile zilikuwa bora. Mgongo wa baba yangu mdogo, aliyepasua mbao, ulikuwa na maoni mengine.

KWA NINI SEREMALA ANAUHITAJI

Hebu tuchukue mota ya kilowati 4, ambayo ni kama nguvu za farasi tano na nusu. Hiyo ndiyo saizi inayofaa msumeno wa karakana ya kufundishia. Ikiwa ya njia moja, itavuta kiasi cha ampea 24 ikiwa kazini. Ikiwa ya njia tatu, kila waya utavuta kama ampea 8 tu. Wakati wa kuwaka, mota huvuta mara tano au sita ya kiasi hicho kwa nukta chache. Sasa mnaelewa kwa nini jirani wa seremala hulalamika kwamba taa zake zinafifia kila msumeno unapowashwa.

Halafu iko habari ya mbao zenyewe. Msonobari wa Rubya kule Ukerewe, au wa Buhindi upande wa Buchosa, ni mwepesi. Mota ndogo itaukata. Lakini mlete mninga mkavu wa unene wa inchi tatu, na mota dhaifu itaanza kuguna katikati ya ubao. Fundi naye husukuma kwa nguvu zaidi. Kisu kikibanwa, ubao hurudishwa nyuma kwa mwendo ambao jicho haliwahi kuuona. Kwa hiyo mota yenye nguvu ya kutosha ni kinga kwa mtu kabla haijawa faida kwa kazi.

Hata hivyo, ndugu zangu, sitaki mtu aondoke hapa akadhani kila fundi anahitaji njia tatu. Nimewakuta mafundi waliokopa fedha, wakalipia njia tatu, na mashine zao zote mbili ni za farasi wawili. Fedha ile ingewanunulia mbao. Kwa mwenye mashine ndogo mojamoja, njia moja inatosha. Mwenye mota ndogo ya njia tatu, isiyozidi farasi watatu, anaweza leo kununua kifaa cha kielektroniki kinachopokea njia moja na kutoa njia tatu za volti 230. Sharti mota iweze kuungwa kwa volti hizo. Wala msidanganywe kwamba njia tatu hupunguza bili, au kwamba huiongeza. Mita huhesabu kazi iliyofanyika. Ubao uleule ukikatwa kwa njia yoyote, uniti hazipishani sana.

Karakana ya shule ni jambo jingine. Humo mna vijana 40 kwa zamu, mashine zitakuja kuongezeka, na kipupa cha kuvuta vumbi hakina budi kuwapo. Tukiwasha msumeno, mashine ya kuranda na kipupa kwa pamoja tuna kilowati 9 na nusu. Kwa njia moja hiyo ni karibu ampea 57. Kwa njia tatu ni kama 20 kwa kila waya. Hapo ndipo ninapokubaliana na kamati.

MAMBO YA KUTAZAMA KABLA YA KULIPA

Kwanza, tazama nguzo. Shule iliyo mjini kama yetu ina bahati, maana njia ya barabarani ina nyaya nne au zaidi. Vijijini si kila mahali. Ziko sehemu ambazo umeme uliletwa kwa tawi la njia moja tu, na ndiyo maana wabunge husimama Bungeni kuuliza lini kijiji fulani kitapata njia tatu ili mashine za kusaga na za mbao zifanye kazi. Ninyi mlio na karakana huko Ukerewe na Sengerema, ulizeni hilo kabla ya kununua hata msumari.

Pili, tafuta mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, na umwone leseni yake kwa macho. Yeye ndiye atakayechora mpango, atakayefunga nyaya, atakayezipima, na kujaza fomu ya maombi ya TANESCO. Mpe orodha ya mashine zote, pamoja na zile unazozitamani za mwaka kesho. Kuuliza si ujinga. Na kumficha fundi mashine moja ili gharama ionekane ndogo ni kujichimbia shimo.

Tatu, gawanya mzigo sawasawa. Mota za njia tatu hujigawa zenyewe. Taa, soketi na pasi za gundi ndizo zinazolundikwa upande mmoja na fundi mvivu. Njia moja ikibeba taa zote za bweni na nyingine ikawa tupu, nyutro hubeba tofauti ile. Nyutro ikikatika, ndugu zangu, volti 400 hutafuta pa kupita, na hupita katika televisheni, katika balbu na katika simu zilizochomekwa. Nimeona bweni zima likipoteza balbu zake kwa dakika moja kwa sababu ya skrubu moja ya nyutro iliyolegea.

Nne, angalieni rangi. Hili ni la mafundi hasa. Katika nyaya za zamani, njia tatu zenye moto zilikuwa nyekundu, manjano na buluu, na nyutro ilikuwa nyeusi. Katika nyaya za mpango mpya, zenye moto ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Mmeona mtego? Buluu ya jana ilikuwa na moto. Buluu ya leo ni nyutro. Nyeusi ya jana ilikuwa nyutro. Nyeusi ya leo ina moto. Majengo ya shule hii yana nyaya za zamani, na tutakazozileta zitakuwa mpya. Mahali zinapokutana pawekwe maandishi, na asiguse mtu kabla ya kupima.

Tano ni ardhi. Mji wetu unaitwa Mji wa Miamba, na sifa hiyo hutupendeza katika picha za Jiwe la Bismarck. Kwa fundi umeme ni taabu. Waya wa ethi hufungwa kwenye fimbo ya shaba inayopigwa ardhini, ili umeme ukivuja katika mwili wa mashine upate njia ya kuondoka kuliko kupita kwa mtu. Hapa Mwanza fimbo hugonga jiwe kabla haijazama mkono mmoja. Nimekuta fimbo zilizokatwa kwa msumeno zikafukiwa kama zimezama zote. Mkaguzi hakuona, umeme utaona. Dawa yake ni kuacha mwamba na kuteremka bondeni kwenye udongo mnyevu, kuchimba mtaro, kulaza utepe wa shaba, na kupiga fimbo kadhaa zilizoachana na kuunganishwa. Kisha pima kwa chombo, na upime mwezi wa Agosti ardhi ikiwa imekauka, maana ukipima wakati wa masika ardhi itakusifia uongo. Pamoja na hayo pawekwe swichi ile inayonasa umeme unaovuja. Kwa soketi za vyombo vya mkononi iwe ya milliampea 30.

Sita, someni kibao kilicho kwenye mota. Kikiandikwa 230/400, mota hiyo kwa umeme wetu huungwa kwa umbo la nyota. Kikiandikwa 400/690, huungwa kwa umbo la pembetatu, na yaweza kuwashwa kwa nyota kwanza halafu ikahamishiwa pembetatu, ili kishindo cha kuwaka kipungue hadi theluthi. Lakini nguvu ya kuzungusha nayo hupungua hadi theluthi, kwa hiyo usiwashe msumeno ubao ukiwa umegusa kisu. Mota ya 230/400 ikiungwa pembetatu kwa volti zetu, haitamaliza siku. Na kwa wanaoagiza mashine zilizotumika: za Ulaya zinatufaa kwa jumla. Za Japani mara nyingi ni za njia tatu za volti 200, nazo huhitaji transfoma. Za Marekani zimetengenezwa kwa hezi 60, na kwa hezi zetu 50 zitazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na huweza kupata joto jingi. Bei rahisi bandarini huwa na maelezo yake kwenye kibao kile.

HATARI ZA NJIA TATU

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nipinge ununuzi wa mashine mbili.

Mota ya njia tatu ina tabia ambazo mota ya nyumbani haina. Ya kwanza, inaweza kuzunguka kinyume. Ukibadilishana nyaya mbili zozote kati ya tatu, mota hugeuka. Msumeno unaozunguka kinyume hurusha ubao, na nati yake inaweza kufunguka. Kwa hiyo mwelekeo hupimwa kabla kisu hakijafungwa, na hupimwa tena kila mara transfoma ya mtaani inapobadilishwa au njia inapotengenezwa, kwa sababu zamu za nyaya zinaweza kurudi zikiwa zimegeuzwa. Kipo kifaa kidogo kinachokataa kuwasha mashine zamu zikiwa si sahihi. Kipo madukani, hakimo katika bajeti yetu.

Ya pili, inaweza kupoteza njia moja bila kusema. Fyuzi moja ikiungua, mota iliyo kazini huendelea kuzunguka kwa njia mbili zilizobaki, ikivuta mkondo mkubwa kuliko kawaida, mpaka inanuka. Ikiwa imesimama, haiwaki; huguna tu. Kijana akisikia mguno huo asiisaidie kwa mkono. Azime. Kinga yake ni ovalodi iliyopimwa sawasawa na mota, yenye kutambua njia iliyopotea, na swichi inayokata njia zote tatu kwa pamoja.

Ya tatu ni ya mashine zote, za njia moja na za njia tatu, lakini kwenye njia tatu nguvu ni kubwa zaidi. Ni kurudi kwa umeme.

Niliitwa siku moja katika karakana ya mtu binafsi, nje ya mji. Jina la mwenyewe na mahali sitaji. Kijana wa kazi, wa umri wa hawa wa Kidato cha Nne, alikuwa amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia siku iliyotangulia. Umeme ulikatika mchana. Wenzake walikwenda kula. Yeye, kwa bidii yake, alibaki akaingiza mkono katika mashine ya kuranda kutoa maranda yaliyonasa kati ya visu. Swichi ya ukutani ilikuwa imeachwa ilipokuwa. Umeme ukarudi.

Mwenye karakana alitaka nimwambie ni kitu gani kiliharibika. Nilipima kila kitu. Volti zilikuwa sawa katika njia zote tatu. Fyuzi nzima. Ethi nzuri. Mota ilikuwa mpya na ilizunguka upande wake. Hapakuwa na kilichoharibika. Kilichokosekana ni stata, kile kisanduku chenye kitufe cha kijani na chekundu, ambacho ndani yake mna sumaku. Umeme ukikatika, sumaku huachia. Umeme ukirudi, mashine haiamki mpaka mtu asimame mbele yake na kubonyeza kijani. Mwenyewe aliniambia kwamba fedha ilimwishia kwenye mashine, na stata aliiahirisha mpaka mwezi ujao. Alikuwa mtu mwema. Alimpeleka kijana Bugando kwa gari lake na alikuwa akilia aliponieleza. Lakini mpangilio wa manunuzi yake ulikuwa umekwisha kuamua.

Ndugu Mwenyekiti, nimeisoma bajeti ya kamati yetu mara tatu. Mashine mbili zimetajwa, na ni nzuri. Nguzo, mita na nyaya zimetajwa. Stata zimeandikwa katika mstari wa mwisho, chini ya neno "baadaye".

HOJA YANGU

Kwa hiyo naleta hoja. Tununue mashine moja mwaka huu. Mimi ningechagua msumeno, kwa kuwa kijana anaweza bado kuranda kwa mkono, na kuranda kwa mkono ni somo. Fedha inayobaki ifanye kazi tano.

Mosi, ethi ichimbwe bondeni, nyuma ya uwanja wa mpira, ipimwe, na namba zake ziandikwe ndani ya mlango wa boksi kubwa.

Pili, kila mashine iwe na stata yake yenye sumaku na ovalodi, na swichi ya kutenga yenye tundu la kufuli. Anayebadilisha kisu hufunga kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwake. Asimpe mtu, hata mwalimu.

Tatu, pawepo vitufe vyekundu vya kuzima karakana nzima: kimoja mlangoni, kimoja kwenye meza ya mwalimu, na kimoja kila upande wa ukuta. Kumbukeni kwamba kuzima si kusimama. Kisu huendelea kuzunguka kwa nguvu ya mwendo wake. Viwango vya Ulaya vinataka kisimame ndani ya sekunde 10. Tuchague msumeno wenye breki.

Nne, maboksi na mota ziwe za aina iliyozibwa, na kipupa cha vumbi kifungwe siku ileile ya msumeno. Vumbi la mbao huingia katika swichi likasababisha moto, na huingia kifuani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 kuwa ni kitu kinachosababisha saratani kwa binadamu. Waliopasua mvule wanajua jinsi linavyowasha macho na pua.

Tano, karakana iandikishwe OSHA kama sheria ya mwaka 2003 inavyotaka kwa mahali pa kazi, na mkaguzi aje kabla mwanafunzi wa kwanza hajabonyeza kijani.

Najua ugumu wake. Mmoja wetu aliniambia jana, tena kwa upendo, kwamba wachangiaji wanapenda kuona kitu. Mashine mbili zikiwekwa riboni hupigwa picha. Utepe wa shaba uliofukiwa bondeni haupigwi picha. Ni kweli. Lakini wachangiaji ni sisi humu, na wengi wetu tuna watoto wa umri huu. Ningependa mtu asimame aniambie ni mtoto wa nani atakayetumia ile mashine ya pili kabla ya stata yake kununuliwa.

Kwenu wanafunzi nina maneno machache. Mkipewa karakana hiyo, msiione kama mahali pa waliofeli hesabu. Seremala wa njia tatu anahitaji kujua kipeuo cha pili cha tatu, kusoma kibao cha Kijapani, na kukataa kazi boksi likiwa wazi. Hilo la mwisho ni gumu kuliko yote, maana atakayekwambia uendelee atakuwa mkubwa wako. Mwambie kwa adabu, "Mzee, naomba tuzime kwanza." Akikasirika, acha akasirike. Hasira hupoa, kidole hakioti.

Ikiwa mwakani tutajaliwa kukutana tena, fedha ya mashine ya kuranda tutaichanga, na itakuta njia yake iko tayari ukutani ikiisubiri. Mimi mwenyewe nitafunga nyaya zake bila malipo, na kijana yeyote wa Kidato cha Tatu anayetaka kushika bisibisi pembeni yangu anakaribishwa, baada ya kufunga kufuli.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.